Utando wa Asubuhi: uchambuzi wa kisa kimoja cha nitridi ya niobi

Majina ya watu, ya taasisi na ya nchi yameondolewa, na tarehe nimezigeuza kuwa wiki. Vipimo nimevikadiria bila kubadili maana yake. Tulikuwa watu wanne, nami ni mmoja wao. Kila mahali niliposema "tulikosea", nimo.

Usuli: nitridi hizi ni kitu gani

Ukienda duka la hadiwea utaona biti za drili zenye rangi ya dhahabu. Ile si dhahabu, ni nitridi ya titani: metali iliyofungamana na naitrojeni, atomu kwa atomu, kwa mpangilio uleule wa chumvi ya mezani. Ni ngumu kama kauri, inastahimili moto, na bado inapitisha umeme kama metali. Ni wachache wanaojua kwamba pako hilohilo linalomsaidia fundi kutoboa chuma, likipozwa hadi kelvini 5 na kitu, yaani karibu nyuzi 268 za Selsiasi chini ya sifuri, linaacha kabisa kuukinza umeme. Sisemi ukinzani unapungua. Unakuwa sifuri. Kitu cha namna hiyo tunakiita superkondakta.

Ndugu zake wako kadhaa katika kundi la metali za mpito. Nitridi ya vanadi na ya hafni hugeuka, yaani huwa superkondakta, kwenye kelvini 8 hadi 9, ya zirkoni kwenye 10 hivi. Mkubwa wao ni nitridi ya niobi. Ilipogunduliwa Ujerumani mwaka 1941 kwamba hugeuka kwenye kelvini 15 hadi 16, lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu zebaki, superkondakta ya kwanza kabisa iliyopatikana Leiden mwaka 1911, ilidai kelvini 4.2.

Sifa iliyoipa nitridi ya niobi kazi ya leo ni nyingine. Hata ukiifanya utando wa nanomita 5, unene wa safu kama 20 tu za atomu, bado inabaki superkondakta kwenye kelvini 10 hivi. Mwaka 2001 kundi la Gregory Gol'tsman la Moscow lilionyesha kwamba ukanda mwembamba wa utando huo unaweza kuhisi fotoni moja, chembe moja ya nuru. Unaupoza, unapitisha mkondo wa umeme karibu na kikomo chake, unasubiri. Fotoni ya infraredi ya mawasiliano, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1550, ina nishati ya elektronivolti 0.8, zaidi ya mara 200 ya ile inayohitajika kuvunja jozi moja ya elektroni (zinazosafiri mbili mbili bila kukinzwa) katika utando wenye mgeuko wa kelvini 10. Ikitua, ukanda unashtuka, ukinzani unarudi kwa muda mfupi sana, na wewe unaona mpigo wa volti. Vigunduzi vya aina hii, vya nitridi ya niobi, ndivyo vilivyopokea duniani nuru ya leza kutoka chombo cha NASA kilichouzunguka mwezi mwaka 2013, kwa kasi ya megabiti 622 kwa sekunde. Nitridi hizi zilifika hata angani: darubini ya Herschel, iliyorushwa mwaka 2009, ilibeba vipokezi vya nitridi ya niobi kwa ajili ya mawimbi ya terahezi.

Sasa udhaifu wake. Naitrojeni ikipungua, atomu zinajipanga kwa namna nyingine na halijoto ya mgeuko inaporomoka. Ikizidi, utando unajaa nafasi tupu na ukinzani unapanda. Oksijeni ikipenya, inakalia viti vya naitrojeni, na matokeo yake ni hayohayo. Makosa matatu tofauti yanatoa dalili zinazofanana, na kisa hiki kizima kimejengwa juu ya kufanana huko.

Mtambo na ratiba yake

Kazi yetu ilikuwa kutengeneza tando za nanomita 5 juu ya vigae vya yakuti samawi vilivyopashwa hadi nyuzi 800 hivi, kisha kuwapa wenzetu wa chumba cha pili wazichonge kuwa vigunduzi. Njia ni ya kawaida: chumba cha chuma kinaondolewa hewa mpaka kiwe ombwe, inaingizwa gesi ya arigoni pamoja na naitrojeni, plazma, yaani gesi iliyochajiwa umeme, inawashwa, nayo inazing'oa atomu kutoka sahani ya niobi (sisi tunaiita tageti) na kuzitupa juu ya kigae. Utando mzima unachukua kama dakika moja. Maandalizi yake yanachukua nusu siku.

Katika hali nzuri tulipata mgeuko kwenye kelvini 10.4 na ukinzani wa omu 450 kwa kila mraba wa utando, uwe mkubwa au mdogo, kwenye joto la chumbani. Kwa muda mrefu tulitengeneza tando tatu au nne kwa siku. Wa kwanza siku zote ulikuwa wa kupimia unene tu. Hatukuupoza kamwe, tuliutupa kwenye droo. Hili nitalirudia.

Miezi miwili kabla ya mambo kuharibika, kidhibiti mtiririko cha naitrojeni kiling'olewa kikapelekwa kusahihishwa vipimo, kikarudishwa. Tando zikaendelea kuwa nzuri. Kwa hiyo tukio hilo likasahaulika, na kwa mantiki ya kawaida lilistahili kusahaulika.

Mambo yalivyokwenda

Wiki ya 1 ratiba ilibadilika. Kundi jingine lililokuwa likitengeneza nitridi ya titani kwa ajili ya vitetemeshi vya mikrowevu lilipewa mtambo kuanzia saa saba mchana. Sisi tukabaki na asubuhi: utando mmoja kwa siku, na upimaji wa unene mara moja kwa wiki badala ya kila siku.

Utando wa kwanza baada ya hapo ulitoa kelvini 9.3. Tukasema ni bahati mbaya. Wa wiki ya 2 ukatoa 8.1, uliofuata 7.8. Ukinzani ulipanda hadi omu 700 kwa mraba. Chumba cha pili wakaanza kuuliza maswali, kwa adabu bado.

Shaka ya kwanza ilikuwa unene. Utando mwembamba zaidi hugeuka kwenye halijoto ya chini zaidi na hukinza zaidi, kwa hiyo kila kitu kililingana. Tulipima kwa miale ya eksi: nanomita 5, kama kawaida. Shaka hiyo ikafa siku ileile, na ndiyo pekee iliyokufa kwa heshima.

Shaka ya pili ilikuwa uvujaji wa hewa. Fundi wetu mkuu, mtu mwangalifu kuliko sisi sote, alisoma kanieneo ya chumba kikiwa kimefungwa usiku kucha: kama milibari 0.00000001, sehemu moja ya bilioni mia ya hewa tunayovuta. Hapo hata mimi ningeapa kwamba hakuna tundu. Aidha, wenzetu wa mchana walikuwa wanapata nitridi ya titani safi kabisa, na titani hunyonya oksijeni kama mchanga unavyonyonya maji. Kama kungekuwa na hewa inaingia, wao ndio wangelia kwanza.

Basi lawama ikaiangukia tageti. Aliyekutwa na ngozi ndiye mla nyama: niobi ilikuwa yetu peke yetu, na sahani ilikuwa imechimbika. Tageti inapochimbika, kiasi cha naitrojeni kinachoifaa hubadilika. Jambo hilo ni la kweli, kila mtu wa kazi hii analijua, na ndiyo maana lilitudanganya vizuri.

Maamuzi mawili, na kwa nini yalionekana sahihi

Wiki ya 3 tuliomba mtambo kwa siku nzima tukatafute upya kiwango cha naitrojeni. Tulitengeneza tando tano, tukianza na naitrojeni nyingi asubuhi na kuipunguza hatua kwa hatua hadi jioni. Ule wa kwanza ulitoa kelvini 7.9, wa pili 8.8, wa tatu 9.6, mbili za mwisho zilipita 10. Mchoro ulikuwa mzuri mno: mstari unaopanda bila kuyumba. Tukaandika kiwango kipya daftarini, tukapongezana, mmoja wetu akaleta keki.

Kesho yake asubuhi, kwa kiwango kipya, tulipata 7.7.

Uamuzi wa pili ulikuwa kununua tageti mpya. Haikuwa rahisi kwa bajeti, lakini hoja ilikuwa kwamba ile ya zamani "haitulii". Tageti mpya huhitaji kusafishwa kwa plazma kwa muda mrefu kabla ya kutumika. Tuliisafisha kutwa, gesi zote mbili zikipita, na utando wa jioni ukatoa 10.2. Keki haikuletwa safari hii. Tulikuwa tumeanza kuogopa. Asubuhi iliyofuata: 8.0.

Kuna jambo ambalo msomaji ameshaliona, na sisi hatukuliona kwa wiki mbili nyingine. Najitetea hivi: tulikuwa tunapanga matokeo kwa tarehe.

Daftari lilipopangwa kwa saa

Mwanafunzi wa uzamivu, aliyejiunga nasi wiki ya 4 na asiyekuwa na nadharia yoyote ya kuitetea, aliombwa aingize daftari zima kwenye kompyuta. Fundi mkuu alikuwa na tabia ya kuandika si tarehe tu bali saa na dakika ya kila utando. Mwanafunzi akachora halijoto ya mgeuko dhidi ya saa, akatuletea karatasi bila maneno mengi. Tando za asubuhi zilikuwa chini, za mchana juu. Tageti ya zamani, tageti mpya, naitrojeni nyingi, naitrojeni kidogo: zote zilikaa kwenye mstari mmoja.

Akauliza swali la pili, lililotuumiza zaidi: zile tando za kwanza za siku mlizokuwa mnatupa kwenye droo, ziko wapi? Zilikuwepo, kila moja na saa yake. Tukazipoza. Za kabla ya kidhibiti kwenda kusahihishwa zilikuwa nzuri zote, kelvini 10 na ushee. Za baada ya hapo zilikuwa mbaya. Ugonjwa ulikuwa umeanza miezi miwili kabla ya sisi kuanza kuumwa. Ule utando wa kupimia unene ulikuwa unaliosha bomba kila asubuhi bila sisi kujua, na ratiba mpya ilipouondoa, uchafu ukahamia kwenye utando wa kazi.

Ili tusijidanganye tena, tulirudia jaribio la naitrojeni, lakini safari hii mpangilio wa viwango ulichaguliwa kwa kura: karatasi tano kwenye bakuli. Halijoto ya mgeuko haikufuata naitrojeni hata kidogo. Ilifuata zamu.

Kilichobaki kilichukua saa moja. Kati ya kidhibiti na vali ya chumba kuna bomba jembamba la mita kadhaa. Usiku, vali zote mbili zikiwa zimefungwa, bomba hilo linajitenga na ulimwengu. Tukiwa hatuna gesi yoyote inayopita, tukafungua vali ya chumba peke yake na kutazama kipima gesi mabaki, kinachotambua molekuli kwa masi yake. Kanieneo iliruka karibu mara 100. Masi 18 ikapanda, yaani maji. Na masi 32, oksijeni, nyuma yake. Fundi akapuliza heli taratibu kwenye kila kiungio, na kwenye kile kilichofunguliwa siku ya kusahihisha vipimo, masi 4 ikasimama kama mlingoti. Gasketi yake ya chuma ilikuwa na mkwaruzo unaoonekana kwa kioo cha kukuzia tu.

Usiku kucha hewa ya maabara, pamoja na unyevu wake, ilikuwa inajaza bomba. Hewa yenyewe inaondoka haraka vali ikifunguliwa. Maji hayaondoki. Yanang'ang'ania ukuta wa chuma na kuachia kidogo kidogo kwa saa nyingi, yakibebwa na naitrojeni moja kwa moja hadi kwenye plazma. Kwenye kanieneo ya sehemu moja ya milioni ya milibari, molekuli zinazogonga uso zinatosha kuufunika wote ndani ya sekunde chache. Utando wetu unajengwa kwa dakika nzima. Hesabu hiyo tungeweza kuifanya siku ya kwanza.

Matokeo

Gasketi ilibadilishwa, bomba likapashwa moto na kuvutwa hewa siku mbili. Tando tatu za asubuhi zilizofuata zilitoa kati ya 10.3 na 10.5, na za mchana zilifanana nazo. Hasara: wiki sita, tageti moja isiyohitajika (imewekwa akiba), na tando 11 za kazi.

Lakini zile tando mbaya zilikuwa na maisha yake. Chumba cha pili walikuwa wameshachonga vigunduzi kwenye mbili kati yake, wakavipima kwenye kelvini 2.5 wakitarajia aibu. Kwa nuru ya nanomita 1550 vilifika kilele cha ufanisi wake mapema na kukaa tambarare zaidi kuliko vigunduzi vyetu "vizuri". Hilo lina sababu: mgeuko ukishuka, nishati ya kuvunja jozi inashuka nayo, na fotoni dhaifu inatosha kuushtua ukanda wote. Gharama inalipwa kwingine. Mkondo unaobebeka ni mdogo, mpigo ni dhaifu, na muda wa kuwasili kwa fotoni unasomeka kwa mashaka zaidi. Pia induktansi ya mwendo, yaani ule uzito wa elektroni kukataa kubadili mwendo ghafla, hupanda pamoja na ukinzani na hupungua kadiri mgeuko unavyopanda. Kwa tando zetu nzuri ni kama pikohenri 60 kwa mraba. Kwa zile mbaya inapita 120. Ukanda wenye miraba 5,000 ukiunganishwa na waya ya omu 50 ulirudi tayari baada ya nanosekunde 6 hivi. Sasa ulidai 12.

Yalizuka mabishano makali. Mmoja alitaka tuendelee na "kichocheo cha asubuhi", kwa kuwa mteja wa ndani alikuwa anahitaji ufanisi kuliko kasi. Mimi nilipinga, na bado napinga: utando uliotengenezwa na tundu haurudiwi, kwa sababu unyevu wa maabara hubadilika na majira. Tulikubaliana kutafuta mgeuko wa kelvini 8 hadi 9 kwa makusudi, kwa kuongeza naitrojeni kwenye mtambo usiovuja. Inawezekana, na ndiyo inayofanywa siku hizi.

Uchambuzi

Kosa kubwa halikuwa kuamini tageti. Lilikuwa kuamini kipimo cha ombwe ambacho kilipima mtambo katika hali ambayo hakuna utando unaotengenezwa ndani yake. Tuliposoma ile namba nzuri, vali ya naitrojeni ilikuwa imefungwa. Utando unapozaliwa, vali imefunguliwa. Tundu lilikuwa upande wa pili wa vali. Fundi hakupima vibaya, alipima mahali pengine. Tangu hapo kipimo cha ombwe kwetu kinafanywa mara mbili, vali zikiwa zimefungwa na bomba zikiwa wazi bila gesi. Kinaongeza dakika tano.

Ushahidi wa kundi la mchana ulikuwa wa kweli, na ulisomwa kinyume. Titani yao safi haikuonyesha kwamba bomba ni zima. Ilionyesha kwamba bomba lilikuwa limeshaoshwa na sisi. Nadhani hili ndilo lililotuchelewesha kuliko yote, kwa sababu lilitoka kwa watu tunaowaamini, na lilihusu metali ambayo kwa hakika ina wivu na oksijeni kuliko niobi.

Kuhusu lile jaribio la wiki ya 3, kulifanya halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kushuka ngazi kwa mpangilio. Saa na naitrojeni vilitembea pamoja, mkono kwa mkono, na hakuna mchoro unaoweza kuvitenganisha baada ya hapo. Ule uzuri wa mstari ungetutia shaka: tando halisi za nitridi ya niobi hupanda hadi kilele kisha hushuka naitrojeni inapopungua mno. Wetu haukushuka popote. Fizikia yenyewe ilitupungia mkono, tukala keki.

Ukinzani kwenye joto la chumbani nao ulipuuzwa. Unapimwa kwa sindano nne ndani ya dakika tano, bila kupoza chochote, na uliruka kutoka 450 hadi 700 tangu mwanzoni. Tulipojua unene ni uleule, namba hiyo ilimaanisha kitu kimoja tu, kwamba maada yenyewe imebadilika. Tuliiandika, tukageuza ukurasa.

Kilichotuokoa ni vitu viwili visivyo na gharama: saa kwenye daftari, na droo. Fundi mkuu aliandika saa kwa mazoea ya kazi yake ya zamani, hakuna aliyemwagiza. Droo ilikuwepo kwa uvivu, kwa kuwa hakuna aliyetaka kutupa yakuti samawi ya bei ghali. Sasa droo ina lebo, na kila utando wa kwanza wa siku unakatwa kipande cha milimita 5 na kupozwa pamoja na mingine, hata kama hakuna anayeuhitaji. Ile tageti ya zamani tuliirudisha kwenye mtambo mwezi uliofuata. Ilifanya kazi miezi minane mingine.